Dakika Ishirini, Bila Foleni

Kiingereza kina maneno mengi ya kuudhi, ila mengi huudhi wiki ya kwanza tu, halafu mtu anazoea. Hili la "about" sijalizoea na miaka inakwenda. Simsemi yule "about" mpole wa darasani Tanga, ambaye mwalimu alituambia maana yake ni "kuhusu", tukatunga naye sentensi kuhusu ng'ombe na kuhusu mama yangu. Namsema pacha wake, anayesimama mbele ya tarakimu: "about twenty minutes", "about fifty dollars", "about a mile". Wanasarufi humwita kielezi cha kukadiria. Mimi nimekaa naye Silver Spring, Maryland, muda wa kutosha kumwita kwa kazi anayoifanya: kielezi cha kukwepa.

Shemeji yangu alipokuja huku mara ya kwanza alikuja na ile "kuhusu" kichwani. Kituoni akamuuliza mama mmoja basi litafika lini. "About ten minutes," akajibiwa. Shemeji akanigeukia kwa uso wa mtu aliyekuja kujifunza: "Basi hili linahusu dakika kumi zipi?" Nikamwambia asubiri, atajionea yanayohusika. Basi lilipotokea alikuwa ameshaihifadhi ratiba ya ukutani nenda rudi, na kivuli cha kile kibanda kilikuwa kimetuhama.

Wala sisemi sisi hatukadirii. Waswahili ndio wenye ghala la ukadiriaji: kama, hivi, yapata, takriban, karibu, kiasi cha, kadiri ya, kasoro kidogo. Tunayo hata nusura na almanusura, za mambo yaliyotaka kutokea yakaghairi. Lakini "hivi" ya kwetu ina adabu. Mtu akikwambia "njoo saa kumi hivi", amekutangazia mapema kwamba msishikane mashati. Yeye hatakuwa tayari saa kumi, wewe hutafika saa kumi, na mtakapokutana saa kumi na moja na nusu kila mmoja atashukuru kwamba hakumkalisha mwenzake. Huo ni mkataba wa watu wawili. Ya Washington inamfaa mmoja tu. Anayeitamka yuko huru, anayeambiwa amefungwa. Na bado ukichelewa wewe, wanatabasamu na kusema "African time", kana kwamba sisi ndio tuliomwahidi shemeji basi.

Uliza mtu wa huku anaishi wapi. Hatakutajia maili. Atasema "about twenty minutes, without traffic". Dakika ishirini hivi, bila foleni. Nimekutana na watu wa Germantown, wa Bowie, wa Woodbridge kule Virginia, na wote wako dakika ishirini bila foleni. Sasa hiyo foleni inakaa kwenye Beltway, barabara namba 495 inayouzunguka mji kwa maili 64. Ilikamilika Agosti 1964, na kwa ninavyoijua mimi, mara ya mwisho kuwa tupu ni dakika ile kabla ya kukatwa utepe. Kumtajia mtu umbali bila foleni katika mji huu ni kumtajia bei ya pilau bila mchele.

Hata hiyo Washington yenyewe ni ya kukadiria. Nikipiga simu nyumbani nasema nipo Washington, na mama anawaambia majirani nipo Washington, jirani na Ikulu, karibu nasikia wakipiga miayo. Ukweli nipo Maryland: jimbo jingine, gavana mwingine, kodi nyingine. Wenzangu wa Frederick, ambako ukiendesha gari unapita mashamba ya mahindi, nao wanakaa Washington. Viwanja vya ndege ndiyo hivyo hivyo. Kile cha Reagan Washington National kipo Virginia. Washington Dulles nacho kipo Virginia, maili 26 kutoka katikati ya mji, na treni haikufika huko hadi Novemba 2022. Cha tatu, Baltimore/Washington, kipo Maryland, tena kimeegemea zaidi Baltimore. Vitatu vyote vina Washington katika jina na hakuna hata kimoja kilichomo Washington. Mgeni wako anatua, anapiga simu kwa furaha: "Nimeshafika Washington, njoo unichukue!" Furaha inaisha pale unapoanza kumhoji ni Washington ipi, na je, anaona maji au anaona msitu.

Haya ya mji nimefundishwa zaidi na mzee ninayemhudumia. Kazi yangu ni mojawapo ya zile ambazo Watanzania wa huku huzitia zote kapu moja na kuziita kubeba boksi, ingawa boksi lenyewe sijaliona. Namwogesha mzee, nampikia uji wake wa shayiri, namkumbusha dawa, namsikiliza. Hilo la mwisho halimo kwenye mkataba na ndilo linalokula muda. Alifanya kazi serikalini miaka mingi, kwenye mambo ya takwimu, na kwake mtu kusema "about" bila kueleza anaweza kukosea kwa kiasi gani ni utovu wa nidhamu. Ndiyo maana tunapatana. Sote wawili tunalichukia neno moja, yeye kwa elimu, mimi kwa uzoefu.

Ni yeye aliyeniambia kwamba mwaka 1791 mji huu ulipimwa uwe mraba uliosimama kwa ncha, maili 10 kila upande. Mpimaji alikuwa Andrew Ellicott, na mwanzoni alisaidiwa na Benjamin Banneker, Mmarekani mweusi aliyejifundisha mwenyewe elimu ya nyota. Mawe 40 yakachimbiwa kuonyesha mpaka. Ukipima leo, pande zile zinapita maili 10 kidogo. Mwaka 1846 Bunge likakubali kuirudishia Virginia kipande chake, na mraba ukabaki umemegwa hadi mtoni.

Halafu kuna ule mnara wa George Washington, ambao kila mgeni lazima apigwe picha akijifanya anaushika ncha kwa vidole viwili. Pierre L'Enfant, aliyeupanga mji, alitaka kumbukumbu ya Washington ikae kusini moja kwa moja ya Ikulu na magharibi moja kwa moja ya Bunge, mistari ikutane hapo. Wakati wa kujenga ulipofika ardhi ya pale ikaonekana laini mno kwa mzigo ule, mnara ukasogezwa mita zipatazo 119. Pale palipokusudiwa pamebaki kijiwe kinachoitwa Jefferson Pier, ambacho watalii hukalia kufunga kamba za viatu. Nikamuuliza mzee: kama ni zipatazo, hiyo 119 imetoka wapi? Na kama mnajua ni 119, hiyo zipatazo ni ya nini? Alicheka mpaka nikamletea maji.

Urefu wake nao una kisa. Ulipokamilika mwaka 1884 ulitajwa kuwa futi 555 na inchi 5 na ushei. Miaka ya karibuni wapimaji wa serikali wakaja na mitambo ya kisasa, na mwaka 2015 wakatangaza ni futi 554 na inchi 7 na ushei. Mnara haukuzama, anasema mzee, ila mahali pa kuanzia kupima ndipo palipobadilishwa. Sawa. Lakini inchi karibu 10 za jiwe jeupe zimepotea mchana kweupe na hakuna aliyeitwa ofisini kujieleza. Mimi nikipoteza dakika nane naitwa.

Hizo dakika nane sizitaji kwa kupamba maneno. Kuna sheria ya mwaka 2016 inayotaka huduma za majumbani zinazolipiwa na Medicaid, bima ya afya ya serikali, zithibitishwe kwa mtambo: huduma gani, nani kahudumiwa, nani kahudumu, tarehe gani, wapi, kaanza saa ngapi na kamaliza saa ngapi. Kwa hiyo nikifika kwa mzee, kabla sijamwamkia yeye naiamkia simu. Simu inajua nimesimama upande gani wa kizingiti. Nikibonyeza nikiwa bado kwenye maegesho inakataa, inasema sijafika, na mzee yuko dirishani ananipungia mkono. Nimeupekua mtambo ule kurasa zote. Hauna kitufe cha "hivi".

Ila mshahara unapopigwa hesabu, hapo sasa ukadiriaji unarudi umevaa tai. Kanuni za kazi za serikali kuu zinamruhusu mwajiri kuusogeza muda wa mfanyakazi hadi robo saa iliyo karibu. Dakika saba zinafutwa, ya nane inageuka robo saa. Nikiingia saa mbili na dakika saba asubuhi, nimeingia saa mbili. Nikiingia saa mbili na dakika nane, nimeingia saa mbili na robo. Kanuni inasisitiza kwamba kusogeza huko, ukijumlisha siku zote, kusimpunje mfanyakazi, kwa kuwa siku nyingine atapoteza na siku nyingine atapata. Inaingia akilini, na nadhani walioiandika walikuwa watu wazuri. Tatizo ni kwamba hawakumjua mzee wangu.

Mzee huanza hadithi saa kumi kamili jioni, nimeshavaa koti. Hadithi ya mawe ya mpaka. Hadithi ya bosi wake aliyekuwa akikadiria hadi umri wa watoto wake. Na zote, kwa namna ambayo mtu wa takwimu angepaswa kuitilia shaka, huisha dakika ya saba. Angeongeza kikohozi kimoja tu ningelipwa robo saa nzima. Nimejaribu kumchokoza na swali la nyongeza nikiwa mlangoni, lakini ni mtu mwenye huruma: "Nenda, kijana, usije ukakosa basi lako." Basi lenyewe ni lile linalohusu dakika kumi.

Asubuhi mambo hugeuka. Barabara haijui saba wala nane. Nikibonyeza kwenye ya nane, msimamizi ananipigia, dada mmoja mpole sana, sauti ya mtangazaji wa salamu za jioni, na kunikumbusha kwamba nimechelewa "about fifteen minutes". Nane, dada. Mtambo wenu wenyewe umeandika nane. Ananiambia anaelewa kabisa, lakini mfumo unasoma robo. Basi hapo ndipo nilipopata mwanga kuhusu neno hili: kumbe haki ya kukadiria ni ya cheo, inatolewa pamoja na nafasi ya kuegesha gari. Bosi anakadiria. Kampuni inakadiria. Serikali inakadiria na kuchapisha. Wewe wa chini unatakiwa kuwa kamili.

Fundi wa intaneti, kwa mfano. Kampuni siitaji, sitaki makuu. Wanakwambia atafika kati ya saa mbili asubuhi na saa sita mchana, na kipindi hicho wanakiita dirisha. Saa nne nzima, dirisha! Kwetu huo ni ukuta uliobomoka. Katika muda huo usioge, usishuke kutupa taka, usiwashe blenda maana hutasikia hodi. Akifika ukiwa umeshuka na mfuko wa taka, aliyekosekana ni wewe, na kuna ada ya kukosekana. Hiyo ada sasa ndiyo iliyo kamili, dola na senti zake. Nikauliza: na fundi akikosekana yeye, mimi nalipwa ngapi? Dada wa simu akanyamaza kidogo, akaniwekea muziki.

Dukani ni hivyo hivyo. Bei iliyobandikwa kwenye sufuria ni makisio. Ukifika kwa keshia, Maryland inadai asilimia 6 yake, na ile hesabu uliyokuja nayo mfukoni, noti zimekunjwa vizuri, inaharibika. Kwetu kodi imo ndani ya bei, unaibiwa kwa heshima bila kuonyeshwa. Wageni wangu wote huliona hili kama utapeli wa yule binti wa kaunta, na lazima niwatoe dukani kwa mkono.

Theluji niipitie haraka kwa kuwa ikitajwa tu magoti yananiuma. Januari 2016 ilianguka ile kubwa. Dulles wakapima inchi 29.3. Uwanja wa National, ambao ndio unaotumika kwa rekodi za mji, ukatoa 17.8. Watu wakaja juu: inakuwaje? Ikaja kujulikana kwamba ubao wa kupimia ulifunikwa na theluji wakaupoteza. Wameukosa ubao wa kupimia theluji kwa sababu ya theluji! Na tarakimu ikabaki vilevile, na ile desimali yake, pointi nane, imetulia kwenye rekodi hadi leo. Kukisia kwa desimali, hiyo sijawahi kuiona hata kwa mafundi wa Tanga.

Siku niliyomlalamikia mzee haya yote kwa mfululizo, alinitazama, akazima televisheni, akanipa hadithi pekee iliyowahi kupita dakika ya saba. Ilinilipa robo saa na naisimulia kwa shukrani.

Tarehe 16 Oktoba 1995 wanaume weusi wa Marekani walijaa kwenye National Mall, ule uwanja mrefu ulio mbele ya Bunge, kwa wito wa Louis Farrakhan. Mkutano uliitwa wa watu milioni moja, maana yake hesabu ilikuwa imeshatolewa kabla mtu wa kwanza hajapanda basi. Park Service, idara inayouangalia uwanja ule, ikafanya kama ilivyozoea. Ikapiga picha kutoka kwenye helikopta, ikaugawa uwanja viraba, ikakadiria watu wangapi wamesimama katika kila kiraba, ikatoa jibu: 400,000. Farrakhan akatishia mahakama. Ndipo akaingia Mwafrika mwenzetu, Farouk El-Baz, mwanajiolojia wa Misri ambaye zamani aliwafundisha wanaanga wa Apollo namna ya kuusoma mwezi kwa macho. Yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Boston wakazichambua picha zile, wakasema 837,000, na kwamba huenda wamekosea kwa asilimia 20 kwenda juu au kushuka chini.

Mzee alipofika kwenye hiyo asilimia 20 alifumba macho kwa raha. "Huyo," akasema, "ndiye mtu mwenye malezi."

Kwa hesabu hiyo, milioni ilikuwa haijaondoka mezani, na laki nne zilikuwa hazimo kabisa. Bunge likafanya nini? Likaagiza, katika mambo ya bajeti ya mwaka uliofuata, kwamba Park Service isitumie fedha kuhesabu umati. Basi, yakaisha. Mji uliojaa wachumi na wanatakwimu, ambao ofisi yake ya sensa ipo hapa Suitland na ina watu wa kutosha kuhesabu mchwa, ukaona dawa ya ugomvi wa hesabu ni kuacha kuhesabu. Nilimwambia mzee hata kwetu dawa hiyo ipo, hutumika kwenye vikundi vya kuchangiana.

Tangu hapo umati wa Washington kila mtu anaukadiria mwenyewe. Barack Obama alipoapishwa, 20 Januari 2009, tarakimu iliyoshika ni milioni 1.8. Mimi naiamini kwa sababu sijawahi kukutana na Mkenya wa Maryland ambaye hakuwepo. Hata waliohamia 2012 walikuwepo, na wanakumbuka baridi. Januari 2017 msemaji wa Ikulu, Sean Spicer, akasimama mbele ya waandishi na kusema hadhira ya siku iliyotangulia, ya rais mpya, ndiyo kubwa kuliko zote zilizowahi kushuhudia kuapishwa, kwisha maneno. Pale, kwa mara ya kwanza maishani, nilitamani mtu aseme "about". Ningempa ya kwangu, bure.

Nisiwaonee Wamarekani peke yao. Wenzangu wa jumuiya nao wana lao. Sisi tukifika huku tunaiacha "hivi" yetu yenye adabu na kuokota "kamili" ya kuazima. Kadi ya mwaliko inasema: saa kumi kamili jioni, tafadhali zingatia muda. Nikazingatia. Nilifika ukumbini, kule Prince George's, saa kumi kamili na suti yangu, nikamkuta bwana harusi mtarajiwa juu ya ngazi akining'iniza vitambaa, amevaa kandambili. Hakushtuka hata. Akaniambia, "Afadhali umekuja, kaka, shika hiyo puto." Nikapuliza maputo hadi kichwa kikawa chepesi. Saa kumi na mbili akaja mpiga muziki. Saa moja usiku mwenye kadi namba moja. Mgeni rasmi akapiga simu kwamba yuko Beltway, anaingia sasa hivi, na kwa nyuma nilisikia mtu akimuuliza taulo liko wapi.

Sasa, mwenye ukumbi si mtu wa jumuiya. Yeye mkataba wake unasema saa tano usiku, na saa tano ilipogonga aliwasha taa zote, zile nyeupe za hospitali, chakula ndiyo kwanza kimefunuliwa. Wazee wa kamati wakamwendea kumwomba nusu saa hivi. Akawaonyesha karatasi ya bei kwa kila dakika thelathini inayoongezeka. Wakarudi kimya, tukala biriani tumesimama, makoti mwilini. Mke wangu alisema hajawahi kuona harusi inayofanana hivyo na kituo cha basi.

Lakini kama ni kusikitikia mtu kwa ajili ya neno hili, mimi simsikitikii mwenye ukumbi wala fundi wa intaneti wala hata nafsi yangu ya dakika saba. Namsikitikia bibi wa ghorofa ya pili.

Majirani zetu hao ni familia ya Wakongo, watu wa Bukavu, waliopitia kambi za Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku, kwa hiyo kwenye ngazi tunasalimiana Kiswahili, cha kwao na cha kwangu, na tunaelewana isipokuwa kwenye bei. Tarehe mosi Januari nyumba yao ni ngoma. Si mwaka mpya. Ni kwamba baba amezaliwa siku hiyo, na mama, na shangazi, na bibi. Wakimbizi wengi sana wana siku hiyo ya kuzaliwa. Fomu ina kisanduku cha siku, kisanduku cha mwezi na kisanduku cha mwaka, na mtu akisema alizaliwa wakati wa kuvuna maharage, karani ana watu mia nje kwenye jua. Anaandika Januari mosi. Kwa fomu, kisanduku kimejaa, kazi imekwisha. Huko ndiko "kama" ya mtu wa kawaida inakoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili ikiwa tarehe ya serikali.

Bibi huyu aliandikiwa Januari mosi, 1962. Mwenyewe anaikumbuka siku ya uhuru wa Kongo, 30 Juni 1960, anaikumbuka vizuri, kwa sababu alitumwa kumtembeza mdogo wake asilie, akambeba mgongoni na kwenda naye kutazama watu wakicheza barabarani, na kwa kosa hilo akachapwa. Kwa mujibu wa karatasi, basi, bibi alichapwa mwaka mmoja na nusu kabla hajazaliwa. Nilimweleza hivyo kwa utani. Hakucheka. Alisema fimbo ilikuwa ya mti wa mpera.

Kwa Wamarekani ukifika miaka 65 mambo kadhaa hulainika, likiwemo la kusafiri kwa treni na basi kwa nusu ya nauli. Bibi, ambaye kwa hesabu ya mgongo wake ameshaupita umri huo zamani, akasikia habari hiyo kanisani, akavaa kitenge kizuri, akamchukua mjukuu wake wa shule akamfasirie, na mimi nikawasindikiza kwa kuwa najua njia. Kwenye dirisha la ofisi karani akaishika kadi yake, akaigeuza, akairudisha. Tarehe ilikuwa bado. Arudi Januari 2027.

Mjukuu akajitahidi. Akaeleza kwamba ile tarehe ni ya kukadiria tu, kwamba bibi yake kweli ni "about seventy". Karani hakuwa mtu mbaya. Aliinua macho, akamtazama bibi, akatazama uso na mikono, na nadhani kwa nafsi yake alikadiria vizuri tu. Lakini akasema hapa hawaandiki about, wanaandika kilichomo kwenye kadi. Kisha, labda kwa huruma, labda kwa kuanza upya, akauliza tena: yeye mwenyewe anasema ana miaka mingapi?

Mjukuu akamfasiria. Kwa bibi makarani wote ni ukoo mmoja, wa Kigoma na wa hapa, kalamu ile ile. Akalikaza kitenge, akamsogelea yule karani hadi pumzi ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Ninyi njo muliandikaka," akamwambia, "na munaniuliza tena?"